Thomas Marealle: Mangi Mkuu aliyetaka Wachagga waimbe wimbo mmoja

Ukitaja Marangu, wengi wanawaza geti la kupandia Mlima Kilimanjaro. Lakini Marangu ndiko alikozaliwa, mwaka 1915, Thomas Marealle, Mangi Mkuu wa Wachagga aliyefariki 2007.

Enzi zake Wachagga walikuwa na bendera yao, sikukuu yao na hata wimbo wao wenyewe, kama taifa.

Kuwaimbisha pamoja haikuwa kazi ndogo. Kwa miaka mingi kila eneo lilikuwa na mangi wake, na wamangi hao walipigana sana. Hata lugha ni shida: mtu wa Rombo na wa Machame, kila mmoja akiongea Kichagga cha kwao, hawaelewani vizuri.

Kulikuwa pia na kidonda cha mwaka 1900, Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli wa Moshi. Mangi wa Marangu wakati huo alikuwa mshirika wa Wajerumani. Huyo ndiye babu yake Thomas.

Thomas alisoma Uingereza, akarudi nyumbani, na mwaka 1951 akachaguliwa Mangi Mkuu. Kahawa ilikuwa inalipa, shule zinajengwa, na kwa mara ya kwanza wajukuu wa maadui wa zamani walikuwa na wimbo mmoja wa kusimamia. Aliyejiita mtu wa Kibosho au wa Marangu sasa alijiita Mchagga kwanza.

Lakini wimbo hauwezi kufuta yote. Wengi hawakutaka kiongozi wa maisha, na TANU ilikuwa inaita watu kwenye jina kubwa zaidi: Watanganyika. Mwaka 1960 Wachagga walipiga kura, wakachagua kuwa na rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu.

Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, bendera ya Tanganyika ilisimikwa juu ya mlima huohuo. Wimbo ukawa Mungu Ibariki Afrika, ambao muziki wake ulitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini.

Leo watoto wa Marangu wanauimba kama wa kwao kabisa. Kichagga nacho hakijanyamaza: kinaimbwa harusini na misibani. Marealle alikosea jambo moja tu. Alidhani mtu lazima awe na wimbo mmoja.