Robert Koch na Homa ya Papasi

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba, 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, akaanza na hisabati na sayansi za maumbile kabla ya kugeukia udaktari, ambao alihitimu mwaka 1866. Akiwa daktari wa wilaya alifanya uchunguzi wake nyumbani kwa hadubini, na mwaka 1876 alithibitisha chanzo cha ugonjwa wa kimeta. Tarehe 24 Machi, 1882 alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Kijidudu hicho hakikuonekana mpaka alipokitia rangi za kikemia. Hivyo kemia iliisaidia tiba kuona.

Mwaka 1905 Koch alikuwa katika nchi yetu, wakati huo ikitawaliwa na Wajerumani. Katika njia ya misafara itokayo Dar es Salaam kwenda bara, wasafiri walishikwa na homa iliyopoa baada ya siku chache, kisha ikarudi. Koch alichunguza udongo mkavu wa vibanda walimolala, akakusanya papasi, akawapasua na kuhesabu wenye vijidudu. Aligundua kwamba hata mayai yao yalikuwa navyo, yaani papasi jike huwarithisha watoto wake. Kwa hiyo kibanda kilichohamwa na wagonjwa kiliendelea kuwa na hatari. Mwaka huo huo Dutton na Todd walithibitisha kazi ya papasi huko Kongo ya mashariki, na Dutton akafia huko.

Papasi wa aina hiyo waliwasumbua watu wa Ugogo kwa miaka mingi. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za tembe. Usiku hutoka kunyonya damu ya waliolala.

Lakini Koch alikosea pia. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu kabla ya kuwa na ushahidi wa kutosha, nayo haikuponya. Mwaka 1906 na 1907, katika visiwa vya Sese, Uganda, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Vijidudu vilitoweka katika damu, kisha vikarudi. Akaongeza kipimo, na wagonjwa 22 wakapofuka. Koch alifariki tarehe 27 Mei, 1910.

Mwalimu mtarajiwa, ufundishapo maisha haya usifiche sehemu yoyote. Usiwatume watoto kufukua papasi, maana ni hatari. Badala yake, kila mtoto aandike katika kikaratasi kisicho na jina: je, sakafu ya kwao ni ya udongo au ya saruji, na je, kuna mtu wa nyumbani aliyepata kuugua homa inayorudi? Hesabuni pamoja ubaoni, mpate sehemu kwa mia ya kila kundi, kisha uwaulize kama idadi hiyo inatosha kutoa jibu. Zungumzeni pia faida ya kuziba nyufa na kulala juu ya kitanda. Mwisho, warudishe Sese. Waulize ni mambo gani yangalipaswa kuhesabiwa kabla ya kipimo cha dawa kuongezwa. Mtoto atakayejibu swali hilo atakuwa ameelewa kwamba tarakimu za daktari ni watu.