Daniel Jones, Mtu Aliyezipima Irabu

Sisi tunaosoma ualimu wa Kiingereza, jina la Daniel Jones tunakutana nalo mapema tu, kwenye desa la fonetiki. Linakuja na mchoro wa pande nne wenye vidoti nane. Tunaukariri, tunauchora kwenye mtihani, basi. Aliyeuchora ni nani na alitaka nini, hatuulizi. Nimeona nimweleze hapa, maana wengi wetu tunakaribia kwenda mazoezi ya kufundisha, na kivuli cha mzee huyu kitatufuata hadi darasani.

Jones alizaliwa London tarehe 12 Septemba 1881. Baba yake alikuwa mwanasheria, na kijana alitarajiwa afuate njia hiyohiyo. Alisoma hisabati Cambridge, akamaliza 1903, kisha akasoma sheria, na mwaka 1907 akapokelewa kuwa wakili. Kazi hiyo hakuifanya kamwe. Moyo wake ulishatekwa na sauti tangu mwaka 1900, alipokwenda Marburg, Ujerumani, kujifunza Kijerumani kwa mwalimu William Tilly, aliyefundisha lugha kwa njia ya fonetiki. Baadaye akaenda Paris kusoma kwa Paul Passy, mwasisi wa Chama cha Kimataifa cha Fonetiki. Huko alipata elimu na mke pia: mwaka 1911 alimwoa Cyrille Motte, mpwa wa Passy.

Mwaka 1907 alianza kufundisha University College London. Alipanda hadi kuwa profesa mwaka 1921, akastaafu 1949.

Swali lililomsumbua ni hili. Konsonanti unaigusa: ukisema p, midomo inakutana, hata mtoto anaona. Irabu je? Ulimi unaelea tu mdomoni, haugusi kitu. Sasa utamwelezaje mtu aliye mbali auweke wapi? Jones akachagua vituo vinane vya kupimia. Cha kwanza, ulimi umepanda juu na mbele kadiri inavyowezekana. Kingine, umeshuka chini na nyuma kabisa. Vilivyobaki akavipanga kati ya hivyo. Vituo hivi si vya lugha yoyote. Ni kama kaskazini kwenye dira: huendi kuishi huko, lakini inakuonyesha ulipo. Mwaka 1917 zilichapishwa picha za eksirei zilizopigwa mnyororo mdogo wa madini ya risasi ukiwa umelazwa juu ya ulimi, ili umbo lake lionekane. Sauti zenyewe alizirekodi kwenye santuri.

Mwaka huohuo ilitoka kamusi yake ya matamshi ya Kiingereza, na mwaka 1918 kitabu chake kikubwa cha fonetiki. Hapo ndipo sisi watu wa irabu tano tunapopata jasho, maana Kiingereza hicho kina irabu kama ishirini, na nane kati yake ni diftongi, yaani ulimi unaanzia mahali pamoja na kutelezea pengine ndani ya silabi moja. Kiswahili hakitelezi hivyo. “Kuoa” ni silabi tatu, kila irabu inasimama kwa miguu yake. Ndiyo maana “coat” tukalifanya koti na “cake” keki: mtelezo tukauacha, tukabaki na irabu moja. Huo si ujinga jamani, ni kanuni ya lugha yetu ikifanya kazi.

Jones mwenyewe asingetucheka, kwani alijifunza kutoka kwa Waafrika. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alifanya kazi London na Solomon Plaatje wa Afrika Kusini, na mwaka 1916 wakatoa pamoja kitabu cha kusomea Kitswana. Miaka ya 1930 idara yake ilimwajiri Jomo Kenyatta amsaidie Lilias Armstrong kuchunguza sauti za Kikuyu. Kitabu cha Armstrong kilitoka 1940, mwenyewe akiwa ameshafariki. Rais wa baadaye wa Kenya aliwasomesha Waingereza irabu saba za nyumbani kwao!

Lakini kuna upande wa pili. Matamshi aliyoyaweka kwenye kamusi yalikuwa ya familia za kusini mwa Uingereza zilizosomesha watoto wao kwenye shule za bweni za gharama. Jones alieleza wazi kwamba anarekodi tu, hataki kuwa hakimu wa matamshi mazuri na mabaya. Waliokuja baada yake wakaifanya kumbukumbu kuwa sheria. Nimeshuhudia mwalimu wa sekondari akimrudisha binti wa kidato cha kwanza kwenye neno “bird” mara sita, darasa zima likicheka. Binti yule hakunyoosha mkono tena muhula mzima. Na kumbuka, kidato cha kwanza ndipo Kiingereza kinapokuwa lugha ya masomo karibu yote. Ukimnyamazisha kwenye irabu, umemnyamazisha hadi kwenye baiolojia.

Kwa hiyo wenzangu, tusahihishe pale maana inapopotea. Mwanafunzi anayetamka “ship” na “sheep” sawasawa asaidiwe, aelezwe ulimi ukae wapi. Mchoro ule ulichorwa kwa kazi hiyo. Anayesema “coat” kwa o yetu ya koti, na kila mtu kamwelewa, aachwe aendelee na hoja yake.

Jones alifariki tarehe 4 Desemba 1967, akiwa na miaka 86. Alituachia kipimo. Fimbo tumejitengenezea wenyewe.