Kiti cha Kupewa

Wanafunzi wangu hudhani ufalme hurithiwa kwa zamu ya kuzaliwa tu. Mimi huwasimulia maisha ya Alexander wa Ugiriki, aliyezaliwa mwaka 1893 akiwa mwana wa pili. Mwaka 1917 Uingereza na Ufaransa zilimshurutisha babake, Mfalme Constantine, kuihama nchi. Kakake George, mrithi halali, akarukwa. Alexander akatawazwa akiwa na miaka 23. Jina likawa lake, mamlaka yakawa ya waziri mkuu Venizelos. Oktoba 1920 aliumwa na kima alipokuwa akimwokoa mbwa wake. Jeraha likaoza, akafa baada ya wiki tatu. Desemba, kura ya maoni ikamrudisha babake. Naamini anayekalishwa kitini na wageni hukikalia kama mpangaji.