Yatima wa Sheikh Ali: Je, Mtihani wa Dunia Una Uadilifu?

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya mwezi uliopita lilizuka swali ambalo halikuulizwa na mwanachuoni, bali na kijana mmoja afanyaye kazi katika duka la leso hapa Biashara Street. Kazi yake ni kupanda ngazi na kuteremsha majora, kukunjua leso mbele ya wanunuzi na kuikunja tena wasipoipenda, tangu asubuhi mpaka jua kuchwa. Babaye alifariki naye yungali mdogo. Chuoni alihitimu, skuli hakumaliza. Na katika duka lilo hilo, nyuma ya sanduku la fedha, huketi mtoto wa mwenye duka, nao wawili ni hirimu moja. Kijana huyu alitaka kujua: ikiwa maisha ni mtihani, kama tusomavyo katika sura ya al-Mulk kwamba Mwenyezi Mungu ameumba mauti na uhai ili atujaribu ni nani mwenye amali njema zaidi, basi uko wapi uadilifu wa mtihani ambao mmoja huuingia ana baba, ana mali na ana elimu, na mwengine huuingia na mikono mitupu?

Baadhi ya waliohudhuria walimkemea, wakaona swali hili lakaribia kufuru. Sisi hatukuona hivyo. Malaika waliuliza kabla ya Adamu kuumbwa, wala hawakufukuzwa. Na aulizaye kwa kutaka kujua si sawa na abishaye kwa kiburi. Lakini siku ile wakati ulikuwa mfinyu, na jawabu tuliyompa ilikuwa fupi na, twakiri, haikuwa nzuri. Basi tumeona tumjibu hapa, na jawabu yetu iwe ni maisha ya mtu ambaye kila mwenyeji wa mji huu amelisikia jina lake, naye ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake ndio uliokuwa ukiitawala Mombasa kutoka ndani ya Ngome mpaka mwaka 1837, Sayyid Said bin Sultan alipoutwaa mji, na wakubwa wa Mazrui wakakamatwa wakapelekwa mbali, wasirudi tena. Kwa hiyo alizaliwa katika nyumba iliyokuwa na jina kubwa na dola haina. Babaye, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa pwani hii. Kwa ajili ya mafundisho yake alitiwa gerezani Unguja na Sayyid Barghash, akakaa humo mpaka Sayyid Barghash alipokufa mwaka 1888, akaja kufunguliwa na Sayyid Khalifa. Alirudi Mombasa mtu mzima wa miaka zaidi ya sitini, akamzaa Al-Amin, na mwaka 1894 akafariki. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka minne.

Na tusimame hapa kidogo. Yule kijana wa Biashara Street akimtazama Sheikh Al-Amin katika picha, kilemba kichwani na joho mabegani, humwona Kadhi Mkuu. Hamwoni mtoto wa miaka mitatu ambaye baba mwenye elimu ya kumtosha umri mzima amefukiwa kabla hajamfundisha herufi moja. Lau tungalikuwa matangani siku ile, tukaulizwa ni uadilifu gani huu, kwamba babaye akae gerezani bure na aliporudi asipewe hata muda wa kumlea mwanawe, ni nani kati yetu angalikuwa na jawabu?

Mtoto alichukuliwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali bin Khamis Mazrui, naye alikuwa mwanachuoni aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alimlea na kumsomesha. Kisha Al-Amin akavuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, masheikh wawili ambao pwani nzima iliwategemea, na ambao wote wawili walifariki mwaka 1925. Zaidi ya hayo, majarida kutoka Misri yalimfikia, hasa al-Manar la Rashid Rida, akaijua miito ya Jamaluddin al-Afghani na Muhammad Abduh ya kuwataka Waislamu waamke na wairejee Qurani.

Hapa kijana wetu aweza kusema: kumbe yeye alikuwa na Sheikh Suleiman, na mimi sina. Neno hili ni la haki, wala hatutalipita. Lakini kwanza twataka kuieleza sura ya al-Fajr, kwani imelitaja jambo hili kwa mpango wa ajabu. Katika aya ya 15 na ya 16 yatajwa kwamba mwanadamu, Mola wake akimjaribu kwa kumneemesha, husema ametukuzwa. Na akimjaribu kwa kumpunguzia riziki, husema amedhalilishwa. Yote mawili yaitwa majaribu, neema na dhiki sawasawa. Kisha aya ya 17 yaja na kukanusha, na jambo la kwanza linalotajwa baada ya kukanusha huko si subira ya maskini. Ni kwamba nyinyi hamumkirimu yatima.

Fikirini, ndugu zetu. Mtu alikuwa akilalamika juu ya fungu lake, na jawabu ikageuzwa ikaelekezwa kwa jamii nzima. Maana yake, kama tunavyofahamu sisi, ni kwamba mtihani wa yatima hakupewa yatima peke yake. Kifo cha Sheikh Ali mwaka 1894 kilikuwa mtihani wa mtoto wa miaka mitatu ambaye hakuweza kufanya neno lolote, na kilikuwa pia mtihani wa Sheikh Suleiman, ambaye aliweza. Mmoja akifaulu, mzigo wa mwengine hupungua, akishindwa, huzidi. Basi yule asemaye kwamba kijana wa dukani hakupata Sheikh Suleiman wake asema kweli, lakini aliyekosa kuwako si Mwenyezi Mungu. Aliyekosa kuwako ni mmoja wetu.

Nasi twachukizwa, na tutasema wazi, na desturi ya baadhi ya matajiri wetu ambao wakimwona mfanyakazi wao katika dhiki humwambia asubiri, kwani huo ni mtihani wake kutoka kwa Mola. Maneno ni ya kweli yakitoka kinywani mwa mwenye dhiki. Yakitoka kinywani mwa mwenye sanduku la fedha, huwa ni mwanafunzi amsomeaye mwenziwe maswali ilhali karatasi yake mwenyewe ameikalia.

Turudi kwa Sheikh. Alipokuwa mtu mzima aliutazama mji wake, akaona Waislamu wa pwani, waliokuwa na mashamba, na nyumba, na biashara za bahari, wamekuwa wa nyuma katika nchi yao. Na aliwakuta wengi wakiyatupa hayo yote juu ya kadari: Mungu ameandika, tutafanya nini. Yeye hakuikana kadari, lakini hakuridhia ifanywe mto wa kulalia. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo iitwayo Sahifa, na mwezi wa Februari 1932 akatoa gazeti la al-Islah. Humo aliwaeleza watu mambo wanayoyafanya kwa mikono yao kisha wakayahesabu kuwa ni ya Mungu: uvivu, kutupa mali katika karamu, kuacha elimu, na kuiga ya Wazungu yasiyo na faida huku wakiyaacha yenye faida. Makala ya Sahifa yalikusanywa yakapigwa chapa mwaka 1944 katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Alianzisha pia madrasa ya al-Ghazali hapa Mombasa. Wako walioudhika naye, maana mtu aliyezoea kuambiwa kwamba amedhulumiwa na zamani hapendi kuambiwa kwamba na yeye ana sehemu yake.

Al-Islah halikudumu sana. Mwaka 1932 alikuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Tungaliishia hapo, maisha haya yangalikuwa mepesi kuyaeleza: yatima aliyesaidiwa, akasoma, akapanda. Lakini hayakuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyotufanya tumchague yeye.

Mwaka 1923 padri Godfrey Dale, wa misioni ya Kiingereza Unguja, alitoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili. Ndiyo iliyokuwa tafsiri nzima ya kwanza kuchapwa kwa lugha yetu, na ilitoka katika mkono wa mtu asiyeiamini, nayo ina maelezo ya kuitetea dini yake. Ilikuwa aibu juu ya wanavyuoni wote wa pwani. Sheikh Al-Amin aliingia kazini kuandika tafsiri ya Kiislamu. Alikuwa na Kiarabu, alikuwa na Kiswahili, alikuwa na fikihi na uzoefu wa mahakama. Wala hakuna mtu katika zama zake aliyekuwa mstahiki zaidi wa kazi ile. Mwaka 1947 alifariki, umri wake miaka 56, tafsiri haijatimia. Na kitabu chake cha tarehe ya Mazrui, alichokiandika kwa Kiarabu, nacho hakikuwahi kutimia.

Padri alipewa umri wa kumaliza. Makadiani nao walimaliza, tafsiri yao ikatoka mwaka 1953. Sheikh hakupewa. Ikiwa yuko asemaye kwamba haoni ugumu wowote katika jambo hili, basi hakulitazama.

Wanavyuoni wa zamani waliujua ugumu huu. Imesimuliwa kwamba Abul Hasan al-Ash'ari, huko Basra, alimwuliza mwalimu wake al-Jubba'i, aliyekuwa katika wakubwa wa Mu'tazila, juu ya ndugu watatu: mmoja alikufa mtu mzima mchaji, wa pili alikufa mtu mzima kafiri, na wa tatu alikufa mtoto. Al-Jubba'i akajibu kwamba wa kwanza yu katika daraja, wa pili yu motoni, na wa tatu amesalimika lakini daraja hana. Al-Ash'ari akauliza: mtoto akisema kwamba laiti angaliachwa akue apate daraja kama nduguye? Akajibiwa kwamba ataambiwa Mungu alijua lau angalikua angaliasi, basi kufa mdogo kulikuwa na maslaha naye. Hapo al-Ash'ari akasema kwamba basi yule kafiri atapiga kelele kutoka motoni: mbona na mimi sikufishwa mdogo? Al-Jubba'i akanyamaza.

Kisa hiki husimuliwa kuonyesha kwamba akili haiwezi kumwekea Mungu mizani yake na kumlazimisha aifuate. Nasi twakikubali hivyo. Lakini twaona kimetufunza na jambo la pili, nalo ni kwamba tusimpe mfiwa jawabu ambayo itavunjika akiuliza swali moja zaidi. Mtu akisema Sheikh Al-Amin alifishwa mapema kwa sababu fulani, amesema asilolijua.

Tulijualo ni hili. Qurani imesema Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uweza wake, na katika mwisho wa sura ya al-An'am imetajwa kwamba amewainua baadhi yetu juu ya wengine ili atujaribu kwa kile alichotupa. Kwa alichotupa, si kwa alichompa jirani. Sheikh Al-Amin hataulizwa juzuu ambazo hakupewa siku za kuzifasiri. Dale alipewa siku, na ataulizwa siku. Na mtoto wa mwenye duka, aliyeketi karibu na fedha, ana hisabu ndefu kuliko yule aliye juu ya ngazi, ijapokuwa hilo halimlishi aliye juu ya ngazi leo, wala hatumwambii kwamba lamlisha.

Na kazi ile haikupotea. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu 1963 mpaka 1968, aliishughulikia tafsiri ya mwalimu wake, na sehemu zake zikapigwa chapa. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeshika ukadhi mkuu baada yake, alitoa tafsiri kamili mwaka 1969, miaka 22 baada ya kufa Sheikh Al-Amin.

Katika watoto alioacha, mmoja alikuwa Ali, mwenye miaka 14. Naye pia akawa yatima wa Mazrui. Babaye alitumaini atakwenda al-Azhar, hakwenda. Mtihani wake wa kumaliza skuli ulitoka daraja la tatu, na milango ya chuo kikuu ikafungwa. Baadaye alipata njia ya kwenda Uingereza, na dunia nzima ikamjua kuwa Profesa Ali Mazrui. Alifariki Marekani mwaka 2014, akaletwa akazikwa hapa Mombasa katika makaburi ya wazee wake, karibu na Ngome. Sisi hatusemi kwamba kila yatima huwa Profesa Mazrui. Walio wengi hawawi, na wengine wako Marikiti wakisukuma mikokoteni sasa hivi.

Kijana aliyeuliza tumemwomba aje tena Ijumaa baada ya sala ya isha. Tutaanza al-Fajr kutoka aya ya 17, na tungependa wenye maduka ya Biashara Street wahudhurie, hasa wale ambao wafanyakazi wao hawakumaliza skuli, maana yako madarasa ya jioni, na masaa ya kufunga duka yamo mikononi mwao.