Shaaban Robert na Nchi Zisizo kwenye Ramani

Mwanafunzi wa Kiswahili akiombwa na mwenzake ampendekezee riwaya ya kifantasia, mara nyingi jina la kwanza kumjia kinywani ni la Tolkien au la Rowling. Akibanwa ataje ya Kiswahili, husita. Hana sababu ya kusita. Kabla Tanganyika haijapata uhuru, karani mmoja wa serikali alikuwa amekwisha kuandika habari za nchi iliyo angani, za liwali anayewachapa nyani wawili kila usiku kisha akawabembeleza, na za mfalme tajiri aliyekosa mrithi. Karani huyo ni Shaaban Robert. Wahakiki wamemsifu mno kwa hekima na maadili, hata wasomaji wengi wamesahau jambo lililo dhahiri, kwamba alikuwa pia fundi wa hadithi za ajabu. Kuyatazama maisha yake kwa upande huo kuna faida ya pekee kwa msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera, kama itakavyoonekana.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Baba yake, Robert Ufukwe, alikuwa na asili ya Kiyao. Mtoto alikua Mwislamu, mwenye jina la kwanza la Kiislamu na la pili la Kizungu, na maisha yake yote alijihesabu kuwa Mswahili. Kati ya mwaka 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam, akawa miongoni mwa wanafunzi wachache sana wa Kiafrika waliohitimu shule wakati huo. Elimu hiyo ilimfungulia mlango mmoja tu wa maana, nao ulikuwa ukarani.

Tangu mwaka 1926 hadi 1944 alifanya kazi katika idara ya forodha, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Kazi ya forodha ni kazi ya mpakani: kuhesabu mizigo, kukagua hati, kuamua nini kipite na nini kizuiwe. Miaka kumi na minane ya kazi hiyo si michache, na haishangazi kwamba katika vitabu vyake watu husafiri, huvuka, hurudi na mizigo, na hukutana na wakuu wanaouliza wameleta nini. Kutoka forodha alihamia idara ya wanyama huko Mpwapwa, mbali na bahari aliyoizoea. Mwaka 1946 alirejea Tanga kufanya kazi katika ofisi ya wilaya, na kuanzia mwaka 1952 hadi 1960 akawa katika ofisi ya upimaji ardhi. Cheo chake hakikupanda kwa kadiri ya kipaji chake. Ubaguzi wa rangi ulimkabili kazini na safarini, naye aliueleza katika tawasifu yake kwa upole unaomuumiza msomaji kuliko hasira.

Nyumbani nako hakukukosa huzuni. Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki na kumwachia watoto wadogo, na shairi la maombolezo alilomtungia limekuwa miongoni mwa mashairi yanayojulikana sana katika Kiswahili. Kwa ajili ya binti yake alitunga utenzi wa mawaidha, na kwa mwanawe wa kiume utenzi mwingine. Aliandika pia wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, akatafsiri rubai za Omar Khayyam, akatunga utenzi mrefu mno juu ya Vita Vikuu vya Pili. Hayo yote yana mahali pake. Hapa yatosha kuyataja.

Ili kuelewa zilikotoka nchi zake za ajabu, ni lazima kukumbuka vitabu vilivyokuwapo alipokuwa kijana. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 kusimamia Kiswahili sanifu, na katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa mfasiri hodari. Katika miaka hiyo Waswahili waliojua kusoma walipata kwa lugha yao Mashimo ya Mfalme Suleimani, Kisiwa chenye Hazina, safari za Gulliver na masimulizi ya Alfu Lela Ulela. Wakoloni walivitoa vitabu hivyo kwa ajili ya shule, wakidhani labda kwamba vitawafundisha vijana kusoma tu. Havikufundisha kusoma peke yake. Kwa pwani, ambako majini na masultani wa hekaya walikuwa wageni wa kila jioni tangu enzi za mababu, vitabu hivyo vilionyesha kwamba ajabu inaweza kuandikwa kwa nathari ndefu, ikachapwa na kuuzwa.

Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ni Adili na Nduguze, iliyotolewa na Macmillan mwaka 1952. Rai, mfalme wa Ughaibuni, anamtuma mjumbe wake Ikibali kwenda Janibu kuuliza kwa nini kodi imechelewa. Akiwa huko, Ikibali anagundua kwamba liwali Adili, mtu mwema asiye na doa, huingia chumbani kila usiku na kuwapiga nyani wawili mijeledi. Nyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa sababu ya uovu waliomtendea ndugu yao, na Adili ameamrishwa kuwaadhibu. Anayeijua Alfu Lela Ulela atatambua mara moja kisa cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, na nduguze waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert hakuficha asili hiyo kwa namna yoyote ya ujanja, lakini hakunakili. Mbwa amewafanya nyani, mnyama aliye karibu zaidi na binadamu, ili aibu ya kugeuzwa izidi. Tena katika kisa cha kale ndugu hao wakiisha kurudishiwa utu hurudia uovu na kuishia kuuawa. Kwa Shaaban Robert hadithi inaelekea kwenye msamaha. Mabadiliko hayo mawili yanaonyesha msomaji makini aliyeamua kuandika.

Hiki ndicho kitabu kinachofaa kusomwa kwanza. Ni kifupi, kina mji mzima uliogeuka mawe, kina bahari na majini, na mafumbo yake hayamlemei msomaji. Wapo watakaosema kwamba ni kitabu cha watoto. Watoto kwa hakika hukipenda, lakini swali lake si la kitoto: mtu mwema afanye nini akiamrishwa kumwadhibu ndugu yake kila siku, ilhali bado anampenda?

Kusadikika kilitangulia kwa mwaka mmoja, kikachapwa na Nelson mwaka 1951. Nchi ya Kusadikika haiko duniani wala mbinguni, iko angani. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Badala ya kujitetea kwa hoja kavu, anasimulia mbele ya mfalme habari za wajumbe sita waliotumwa zamani kwenda mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mmoja alipata taabu, akaona mema katika nchi za wengine, akarudi na jambo la kuwafaa watu wake, na kila mmoja alilipwa kifungo. Wahakiki wamekilinganisha kitabu hiki na kile cha Swift cha mwaka 1726, ambacho nacho kina kisiwa kinachoelea angani. Ulinganisho huo ni wa haki kwa upande wa mahali, lakini Swift anacheka na Shaaban Robert hacheki. Kusadikika ni kesi mahakamani tangu mwanzo hadi mwisho.

Maelezo yaliyozoeleka darasani ni kwamba mwandishi alitumia nchi ya kubuni kwa sababu alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na vitabu vilipitia mikononi mwa wakaguzi, hivyo asingeweza kusema wazi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kama ajabu ingekuwa ngao tu, asingekuwa na haja nayo katika Adili na Nduguze, ambamo hakuna serikali inayosutwa. Aliipenda ajabu kwa ajili yake yenyewe, akaiamini kwamba inaweza kubeba mzigo mzito.

Hapo ndipo msomaji wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya anapokuwa na jicho ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hana. Wakati karani wa forodha akihesabu mizigo Pangani, eneo lililoitwa wilaya za mpaka wa kaskazini lilikuwa limefungwa. Kwa sheria ya mwaka 1902 juu ya wilaya za pembezoni, na nyingine ya mwaka 1934 juu ya wilaya maalumu, mtu hakuweza kuingia wala kutoka pasipo kibali. Mwaka 1962, alipofariki Shaaban Robert, tume ilikuwa ikiwauliza wakazi wa huko wanataka kuwa upande gani wa mpaka. Baada ya uhuru vita vikazuka, na hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1963 haikuondolewa hadi mwaka 1991. Kwa watu waliokulia katika hali hiyo, mjumbe anayefungwa kwa sababu amevuka mpaka na kurudi na habari si istiari ya mbali. Hakuna ithibati kwamba Shaaban Robert aliifikiria Garissa alipoandika, wala haihitajiki. Nchi iliyobuniwa vizuri hukaliwa na watu ambao mwandishi wake hakuwajua.

Wala ajabu yenyewe si ngeni huko. Mtoto wa Kisomali aliyesimuliwa habari za Dhegdheer, jike la mtu lenye sikio refu linalokula watu, au za malkia Arawelo, hatashtushwa na Huria. Mto Tana upitao Garissa huishia baharini karibu na Kipini, katika nchi ya masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa ambaye silaha hazikumdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Hadithi za bara na za pwani zimekunywa mto mmoja. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni vitabu. Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa la Kenya lilianzisha Garissa maktaba ya ngamia, likianza na ngamia watatu, ili masanduku ya vitabu yawafikie wafugaji na shule zilizo mbali na barabara. Mkeka ulitandikwa kivulini na vitabu vikapangwa hapo.

Anayechagua vitabu vya masanduku kama hayo hana budi kujua pia udhaifu wa mwandishi huyu. Wahusika wake hubeba tabia zao katika majina, na msomaji akishaambiwa kwamba mtu anaitwa Majivuno hana la kungoja kutoka kwake. Hotuba ni ndefu. Wanawake ni wachache, na wengi husifiwa kuliko wanavyotenda. Kijana aliyezoea riwaya za kasi atachoka kati ya mjumbe wa tatu na wa nne wa Kusadikika, kwa kuwa kila safari inaishia gerezani kwa namna ileile. Asiache hapo. Safari ya kwenda mbinguni na ile ya kushuka ardhini ndizo zenye ubunifu mkubwa zaidi, nazo zimewekwa mwisho.

Katika miaka yake ya mwisho Shaaban Robert aliheshimiwa na wote. Alikuwa mjumbe katika kamati za lugha, alitunukiwa nishani ya MBE na tuzo ya ukumbusho wa Margaret Wrong, akaiona Tanganyika ikipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Hakuishi kuona mengi baada ya hapo. Alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, na kuzikwa kwao Machui. Baadhi ya maandishi yake yalikuwa bado hayajachapwa.

Miongoni mwa maandishi hayo ilikuwamo Kufikirika. Aliiandika mwaka 1946, mwaka uleule aliorudi Tanga, lakini ilichapwa na Oxford mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Mfalme wa Kufikirika ana kila kitu isipokuwa mtoto, na nchi nzima inaingia katika msururu wa waganga wa kila aina: wa mizizi, wa makafara, wa hirizi, wa utabiri. Baadaye inaamuliwa kwamba wawili wachinjwe, mjinga mmoja na mwerevu mmoja, ili wengine wapone. Kilichobaki kinafaa kuachwa kwa msomaji mwenyewe. Kwa ubunifu wa nchi Kufikirika haiizidi Kusadikika, ila inaizidi kwa ujasiri, maana inauliza ni nani mwenye haki ya kuamua maisha ya nani yatolewe sadaka. Hiki kisomwe cha tatu, baada ya Adili kumzoesha msomaji majini na Kusadikika kumzoesha hotuba. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, zilizotoka mwaka 1968, zimesimama juu ya ardhi ya kawaida, na anayetafuta ajabu anaweza kuziweka kando kwa sasa.