ELVIS PRESLEY: MWIMBAJI ALIYEINGIA KAMBINI

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 24 Machi 1958, kijana wa umri wa miaka 23 aliripoti kwenye ofisi ya kuandikisha askari mjini Memphis, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani. Alifuatana na baba yake na mama yake, na nyuma yao likafuata kundi la wapiga picha. Kijana huyo alikuwa Elvis Presley, mwimbaji ambaye katika muda wa miaka miwili tu alikuwa amekwisha kuwatia wazimu vijana wa nchi yake na kuwakasirisha wazee wao. Alipewa namba ya jeshi, 53310761, akapandishwa basi pamoja na makuruta wenzake, na kesho yake huko Fort Chaffee, Arkansas, zile nywele zake zilizojulikana dunia nzima zikaanguka sakafuni chini ya mashine ya kinyozi wa jeshi. Kila msomaji wetu aliyepata kuwa kuruta anaijua siku hiyo, na hatuna haja ya kumweleza.

Lakini liko jambo moja ambalo lilitendeka siku tatu tu kabla ya hapo, nalo ndilo tunalotaka lishikwe. Tarehe 21 Machi 1958, kampuni ya RCA ilitoa santuri kubwa iliyoitwa Elvis' Golden Records, yenye nyimbo 14 za mwimbaji huyo zilizokwisha kupendwa tangu mwaka 1956. Mwezi huo huo mwimbaji mwingine wa Marekani, Johnny Mathis, naye alitolewa santuri ya namna hiyo hiyo, na desturi ya kukusanya nyimbo bora za mtu mmoja katika sahani moja ikapata nguvu ambayo haikuipoteza tena. Kwa Presley, hata hivyo, haikuwa desturi tu. Ilikuwa akiba ya chakula iliyowekwa ghalani kabla ya njaa. Katika biashara ya muziki miaka miwili ni mingi sana, na wako wengi waliodhani kwamba kijana huyu atakaporudi atakuta hakuna anayemkumbuka. Yeye mwenyewe alikuwa na hofu hiyo.

Ili tuelewe ni kitu gani alichokiogopa kukipoteza, yafaa turudi nyuma kidogo. Presley alizaliwa tarehe 8 Januari 1935 huko Tupelo, Mississippi, katika nyumba ya mbao yenye vyumba viwili. Walizaliwa pacha, ndugu yake alitoka akiwa amekwisha kufa. Basi mama yake, Gladys, alimshikilia huyo mmoja aliyebaki kwa mapenzi ya kupita kiasi, na mtoto naye akamshikilia mama. Mwaka 1948 wazazi walihamia Memphis kutafuta maisha. Huko alimaliza shule mwaka 1953, akafanya kazi ya kuendesha lori la kampuni ya umeme. Mwezi Julai 1954, katika studio ndogo ya Sam Phillips, alirekodi wimbo That's All Right pamoja na mpiga gita Scotty Moore na mpiga besi Bill Black. Wimbo huo haukuwa wake. Ulikuwa wa Arthur Crudup, Mwafrika wa Marekani, ambaye aliishi na kufa bila kuona fedha za haki kutokana na kazi yake. Haifai kuupita ukweli huu kimya: sehemu kubwa ya kile kilichomtajirisha Presley kilitoka makanisani na katika vilabu vya watu weusi wa kusini, watu ambao wakati huo sheria za nchi yao ziliwakataza hata kuketi popote watakapo ndani ya basi. Presley hakuficha alikojifunza, lakini hesabu za fedha zilikwenda upande mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 1955 RCA ilinunua mkataba wake kwa dola 35,000, kiasi kilichoonekana kikubwa mno kwa wakati ule. Nyuma ya mauzo hayo alisimama meneja wake, aliyejiita Kanali Tom Parker. Hapa ndugu zetu maafisa watatuwia radhi, kwani kanali huyu hakuwahi kuongoza hata kikosi kidogo cha askari. Cheo chake kilikuwa cha heshima tu, alichopewa na gavana wa Louisiana mwaka 1948. Alikuwa Mholanzi, mzaliwa wa Breda, aliyeingia Marekani bila karatasi. Na utumishi wake wa kweli jeshini, katika cheo cha chini kabisa, ulivurugika alipotoroka kambini. Hata hivyo, katika biashara hakuwa na mpinzani.

Barua ya kumwita jeshini ilimfikia Presley mwezi Desemba 1957. Sheria ya Marekani wakati ule iliwalazimisha vijana kutumika hata nchi isipokuwa vitani. Aliomba muda mfupi, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya kampuni ya sinema iliyokwisha kutumia fedha nyingi kutayarisha filamu yake King Creole, akakubaliwa. Zaidi ya hapo hakuomba kitu. Ilikuwako njia iliyo rahisi: angeweza kuingia katika idara ya burudani, akazunguka kambi hadi kambi akiimba, akalala pazuri. Kwa shauri la Parker aliikataa njia hiyo, akataka awe askari kama askari wengine. Tusidhani kwamba Parker alisukumwa na uzalendo. Alijua kwamba mwimbaji atakayeimba bure kambini atashusha bei yake, na kwamba wazee waliomchukia kijana huyu watalainika wakimwona amebeba bunduki. Lakini aliyetakiwa kuamka saa kumi na moja alfajiri hakuwa Parker.

Mafunzo aliyafanya Fort Hood, Texas, katika divisheni ya vifaru. Mshahara wa askari wa chini ulikuwa kama dola 78 kwa mwezi. Baada ya mafunzo ya kwanza alipewa likizo, na katika likizo hiyo, usiku wa tarehe 10 Juni 1958, aliingia studio huko Nashville akarekodi nyimbo tano. Usiku mmoja, nyimbo tano! Kisha akarudi kambini. Kwa miezi ishirini na zaidi iliyofuata hakurekodi tena hata wimbo mmoja wa kuuzwa. Kampuni ilitaka apelekewe mitambo popote atakapokuwa, Parker akakataa katakata. Kwa hesabu yake, bidhaa adimu ndiyo inayotafutwa.

Wakati huo msiba ulikuwa njiani. Mama yake, aliyemfuata Texas ili awe karibu naye, aliugua, akarudishwa Memphis. Presley aliomba ruhusa ya dharura, akafika kitandani kwake tarehe 12 Agosti. Tarehe 14 Gladys alifariki, akiwa na umri wa miaka 46. Walioshuhudia mazishi wameeleza jinsi kijana yule alivyolia mbele ya watu bila kujizuia. Ruhusa ilipokwisha alirudi kikosini. Mnamo tarehe 22 Septemba 1958 alipanda meli ya jeshi katika bandari ya Brooklyn, na tarehe 1 Oktoba akashuka Bremerhaven, Ujerumani Magharibi. Kumpoteza mama na kuvuka bahari, yote katika wiki saba: wasomaji wetu waliopata kupokea habari ya msiba wakiwa mbali na nyumbani watajua uzito wake bila ya sisi kuutia chumvi.

Huko Ujerumani alitumika Friedberg, katika batalioni ya vifaru ya Divisheni ya Tatu. Alikuwa dereva wa jipu na mpelelezi wa mbele. Kazi ya kikundi chake ilikuwa kutangulia, kupeleleza barabara na madaraja, na kutoa habari kwa vifaru vilivyofuata nyuma. Hakuishi hangani wakati wote. Kwa kuwa baba yake na bibi yake walikuwa wategemezi wake, aliruhusiwa kukaa nao nje ya kambi, na walipanga nyumba katika mji jirani wa Bad Nauheim, mahali ambapo wasichana wa Kijerumani walijipanga kila jioni wakingoja sahihi yake. Kwa hiyo si kweli kwamba aliishi sawasawa na kila askari. Lakini kazini, kwa ushahidi wa wengi waliokuwa naye, alilala kwenye theluji wakati wa luteka kama wao, alilinda zamu yake kama wao, na hakutafuta upendeleo. Katika miezi hiyo ndipo alipoanza kujifunza karate, na mwaka 1959 ndipo alipokutana na Priscilla, binti wa afisa wa jeshi la anga, ambaye alimwoa mwaka 1967.

Jambo jingine nalo lilianza huko, na hatuwezi kulificha kwa kuwa wasomaji wetu ni watu wa zamu za usiku. Marafiki zake wamesimulia kwamba ilikuwa wakati wa luteka ambapo alionyeshwa vidonge vya kumfanya mtu asilale. Vilimpendeza. Vilimwezesha kulinda usiku na kuwa mchangamfu asubuhi. Wakati ule wengi waliviona kuwa dawa tu, kama aspirini.

Huku nyuma santuri ziliendelea kutoka kana kwamba mwenyewe yuko nyumbani. RCA ilichimbua rekodi za zamani, zikiwemo zile za studio ya Phillips, ikazipanga upya katika santuri kubwa mbili. Nyimbo nne kati ya zile tano za likizo nazo zikatolewa moja moja kama maji ya kisima wakati wa ukame. Mmojawapo, A Big Hunk o' Love, ulifika nafasi ya kwanza Marekani mwezi Agosti 1959, wakati mwimbaji wake akiwa Ujerumani na magwanda yake. Kisha, mwezi Novemba 1959, ikaja santuri ya pili ya nyimbo bora, ambayo jina lake lilitangaza kwamba washabiki milioni 50 hawawezi kukosea. Juu ya jalada mwimbaji alirudiwarudiwa katika picha nyingi, amevaa suti ya dhahabu. Ndani yake mlikuwa na nyimbo kumi: sita alizoziimba kabla ya kuingia jeshini, na nne za ule usiku mmoja wa Nashville. Sisi tuliozisikiliza tunakiri kwamba bila kuambiwa ni vigumu kutambua ipi ya raia na ipi ya askari, ingawa sikio makini litasikia kwamba wapigaji wa Nashville wana mkono mwepesi zaidi. Mnunuzi wa 1959 hakuona pengo, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Alipandishwa cheo kuwa sajini mwanzoni mwa mwaka 1960, akaachishwa jeshi kwa heshima tarehe 5 Machi. Hofu yake haikutimia. Mwezi huo huo aliingia studio, na kabla mwaka haujaisha alikuwa na nyimbo tatu zilizofika nafasi ya kwanza. Tarehe 25 Machi 1961 aliimba Pearl Harbor, huko Hawaii, kuchangisha fedha za mnara wa kumbukumbu ya mabaharia waliozama na manowari Arizona mwaka 1941. Zilipatikana zaidi ya dola 50,000, na kazi iliyokuwa imekwama ikasonga mbele.

Miaka iliyofuata tutaipita upesi, kwa kuwa mwenyewe aliipita vibaya: filamu juu ya filamu, nyingi za kipuuzi, hadi alipojifufua kwa onyesho la televisheni mwezi Desemba 1968 na kurudi jukwaani Las Vegas mwaka 1969. Polisi walimpenda naye akawapenda. Alikusanya beji za polisi kama watoto wanavyokusanya stempu. Tarehe 21 Desemba 1970 alikwenda mpaka Ikulu ya Washington, akaonana na Rais Nixon, na akaondoka na beji ya idara ya kupambana na madawa ya kulevya. Mtu aliyepewa beji hiyo alikuwa tayari mtumwa wa vidonge, vya kulalia na vya kuamkia, vilivyoandikwa na madaktari kwa kalamu halali. Hatudhani kwamba alikuwa mnafiki. Yaelekea aliamini kwa moyo kwamba dawa inayotoka katika duka la dawa si madawa ya kulevya.

Alifariki nyumbani kwake Memphis tarehe 16 Agosti 1977, akiwa na miaka 42. Ilikuja kuthibitishwa kwamba katika miezi isiyozidi minane ya mwaka huo aliandikiwa zaidi ya dozi 10,000. Mwezi Oktoba mwili wake na wa mama yake ilihamishiwa katika bustani ya nyumba yake, wakalazwa karibu karibu.

Biashara ya ghala haikufa naye. Mwaka 2002 mpiga muziki wa Kiholanzi aliuchukua wimbo ambao Presley aliuimba mwaka 1968 na ambao haukupata umaarufu mkubwa, akaiacha sauti kama ilivyokuwa na kuitilia ngoma za siku hizo. Mwezi Juni wimbo huo ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Septemba ya mwaka ule ilitoka sahani yenye nyimbo zake 30 zilizopata kuongoza Marekani au Uingereza, ikianza na Heartbreak Hotel wa mwaka 1956, na ule wa ngoma mpya ukawekwa mwisho kabisa, wa 31.