Ahmad bin Naaman na Merikebu ya Sultana: Nani Alikuwa Nahodha?



Miongoni mwa watu wa kale wanaotajwa kila tunapokutana, jina la marehemu Ahmad bin Naaman al-Kaabi halikosekani. Aliishi kati ya mwaka 1784 na 1869, akawa katibu wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na ndiye mjumbe wake wa kwanza kufika Marekani. Habari hizo wengi tunazijua. Lakini vijana wetu wanaosoma vitabu vya Kizungu huuliza swali ambalo si dogo: je, kweli yeye ndiye aliyeiongoza merikebu ile, au alikuwa abiria mtukufu tu, na chombo kikaongozwa na Mwingereza?

Tuanze na chanzo cha safari. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifika Maskati na kufunga mkataba wa biashara na Sayyid Said. Miaka miwili baadaye alirudi na manowari ya Peacock ili kuukamilisha, na manowari hiyo ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira. Sayyid Said alitoa msaada mwingi, hata mizinga iliyokuwa imetupwa baharini ili kukipunguzia chombo uzito akaagiza iopolewe na kurejeshwa kwa wenyewe. Wamarekani hawakuusahau wema huo. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, alikuja Unguja kuwa balozi mdogo wao. Tangu hapo Sayyid aliwaza kupeleka chombo chake mwenyewe katika nchi ambayo vyombo vyake vilikuwa vikija kwake.

Merikebu iliyochaguliwa ni Sultana, iliyoundwa Bombay mwaka 1833, yenye uzito wa tani 300 hivi na mizinga 14. Iling'oa nanga Unguja tarehe 11 Februari 1840, imesheheni tende, karafuu, kahawa ya Mokha, pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na mazulia ya Kiajemi. Ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikaikata Bahari ya Atlantiki, na tarehe 30 Aprili ikatia nanga New York. Watu walimiminika gatini kuitazama. Baraza la mji lilimkaribisha Ahmad kwa taadhima, na mchoraji Edward Mooney akamchora akiwa na kilemba na ndevu zake. Picha yake imehifadhiwa katika makumbusho ya Salem.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtu akifungua karatasi za serikali ya Marekani za mwaka ule, atamkuta mkuu wa merikebu akiitwa Ahamet Ben Aman, na chombo chenyewe kikiitwa Sultanee. Asiyejua kwamba makarani wa Kizungu waliandika majina yetu kama masikio yao yalivyoyapokea, atapita bila kumtambua. Akitazama upande wa uendeshaji wa chombo, atamkuta Mwingereza, William Sleeman, aliyeshika kazi ya kupima jua na kuelekeza njia. Huyu alikuwa mlevi, na ulevi wake ulileta taabu safarini. Wakati wa kurudi hakuchukuliwa tena. Aliajiriwa Mmarekani, Sandwith Drinker wa Philadelphia. Basi tayari kuna majina matatu, na kila moja lina haki ya namna yake ya kuandikwa mbele ya jina la Sultana.

Aliyeyakusanya maandishi hayo na kuyalinganisha kwa uangalifu ni Hermann Eilts, mwanadiplomasia wa Marekani, katika makala yake ndefu iliyochapishwa Salem mwaka 1962. Lakini jibu la swali, kwa maoni yetu, limo katika lugha yetu wenyewe. Watu wa bahari ya Hindi tangu zamani wametofautisha kazi mbili. Yupo nahodha, mwenye amana ya tajiri: ndiye msemaji wa chombo, mwenye shehena na hesabu, mwenye amri juu ya watu wote. Yupo pia mwalimu au rubani, anayejua nyota, upepo na miamba. Mara nyingine mtu mmoja huzifanya kazi zote mbili, na mara nyingine hugawanywa. Rubani huweza kubadilishwa bandarini, kama Sleeman alivyobadilishwa kwa Drinker, lakini nahodha hubaki. Ahmad bin Naaman alitoka na Sultana na akarudi nayo. Kwa kipimo hicho nahodha alikuwa yeye.

Na amana yake ilikuwa nzito. Alileta zawadi kwa Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, manukato ya waridi na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Katiba ya Marekani haimruhusu mkuu wa nchi kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Bunge, kwa hiyo Bunge likaamua ziuzwe na fedha ziingie hazina, ingawa baadhi ya vitu vilibaki vikahifadhiwa Washington. Kwa upande wao, Wamarekani waliitengeneza Sultana katika karakana ya jeshi lao la majini huko Brooklyn, kwa gharama ya serikali. Tarehe 9 Agosti ikaondoka na nguo za pamba, shanga na bunduki, ikapitia Cape Town, na tarehe 8 Desemba 1840 ikafika Unguja. Zile nguo za pamba kutoka Marekani ndizo bibi zetu waliozoea kuziita merikani.

Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Ahmad aliishi miaka 13 zaidi, hata akafariki akiwa mzee wa miaka themanini na kitu.

Somo ni hili. Ahmad alikumbukwa kwa sababu alichorwa, akaandikiwa barua na kutajwa magazetini. Mabaharia waliopanda milingoti na kukunja matanga hawakupata bahati hiyo, na huenda baba zetu wengi walikuwa katika safu hiyo na si katika safu ya wajumbe. Yaliyoandikwa juu yao yaliandikwa na wageni, kwa tahajia ya wageni. Kwa hiyo tunawasihi jamaa: msitupe daftari za hesabu, hati za ndoa, pasi za zamani wala barua zilizofungwa ndani ya masanduku ya wazee. Andikeni nyuma ya kila picha jina la mtu, la baba yake na la mji wake. Na anayetafuta habari za jadi zake katika nyaraka za ng'ambo, asitafute jina kwa tahajia moja tu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atukutanishe tena kwa kheri. Amin.